Lori Lisilosimama Dareda

Vitabu vya hisabati vya shule ya msingi vina nchi yao. Katika nchi hiyo lori huondoka Babati saa 2:00 kamili asubuhi, wala si saa mbili na robo eti kwa sababu utingo kaenda kutafuta chenji, na likishaondoka hukimbia kilomita 60 kila saa mpaka jibu lipatikane. Bomba hujaza tangi usiku na mchana bila mtu kuuliza kama pampu ya kijiji ina dizeli. Vibarua 6 hulima shamba siku 8, na katika siku hizo hakuna anayefiwa, anayeumwa jino wala anayedai posho ya jana. Muuza duka hununua mayai 300, huvunjika 12, na kweli huvunjika 12 tu. Nimekulia Dongobesh, wilayani Mbulu, na nina ndugu waliotapakaa upande wa Hanang, kuanzia Katesh hadi Basotu. Nchi hiyo ya vitabuni hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifikia.

Mpwa wangu yuko darasa la saba na anakaa kwetu. Kila jioni hutandaza mezani hesabu za mafumbo, zile zinazoanza kama hadithi na kuishia na "Je,". Mwalimu wake ni kijana mwenye bidii, na ameamua kuzifanya za kwetu: miji ya mbali kaiondoa, kaweka Babati, Katesh na Singida. Alidhani anawarahisishia watoto. Hakukumbuka kwamba watoto hao wana wazazi, na wazazi wameshasafiri njia hiyo.

Swali lililovuruga jioni nzima lilikuwa hili. Lori liliondoka Babati saa 2:00 asubuhi kuelekea Singida kwa mwendokasi wa kilomita 60 kwa saa. Basi likaondoka Babati saa 3:00 kwa njia hiyohiyo, kilomita 80 kwa saa. Je, basi lililifikia lori saa ngapi?

Nyumbani kulikuwa na jirani yetu dereva, aliyekuja kuchaji simu. Mtoto alisoma swali kwa sauti, na huo ndio ukawa mwisho wa utulivu.

"Limebeba nini?" dereva akauliza.

"Haijasemwa, baba."

"Huwezi kutaja kilomita 60 bila kutaja mzigo. Ni kreti tupu za soda au simenti?"

Ikakubalika, baada ya mjadala, kwamba ni simenti ya mtu wa Katesh. Dereva akaendelea: Dareda linasimama dakika ngapi? Mtoto akatazama daftari, akageuza ukurasa, akarudi. Halisimami, alisema. Dereva alimtazama kwa huruma. Lori lisilosimama Dareda, akamwambia, ama limeibiwa ama limekatika breki. Pale utingo hunywa chai, dereva hukagua matairi, abiria wasio halali hushuka mita chache kabla ya askari wa barabarani na kupanda mita chache baada yake, na daima kuna mtu mwenye kuku wawili anayeomba wafikishwe kwa dada yake. Kila kimoja kina dakika zake. Mpwa wangu, mtoto mtiifu, akaanza kuziandika pembeni.

Mwalimu alikuwa amewapa dokezo: saa 3:00, basi linapoondoka, liko hasi 60 ukilinganisha na lori, na kila saa linapanda kwa 20. Dokezo hilo ndilo lililomkwamisha mtoto. Hasi 60 ni wapi? Kabla ya Babati? Basi limerudi nyuma mpaka Minjingu? Akachora mstari wa namba, akaweka sifuri, akaweka mishale, akafuta, karatasi ikatoboka.

Aliyemwokoa ni bibi yake, yaani mama yangu, ambaye shule aliisikia ikipita tu. Alikuwa anapepeta maharage na hakuinua macho.

"Hilo basi lina deni la kilomita 60. Kila saa linalipa 20. Linamaliza lini?"

"Saa tatu baadaye, bibi."

"Basi hesabu kutoka lilipoondoka, ule."

Saa 6:00 mchana. Jibu sahihi, na limepatikana bila mshale hata mmoja. Dereva ndiye aliyeliharibu. Alihesabu kwa vidole akagundua kwamba kufikia saa sita lori limekwenda saa 4, yaani kilomita 240, na kilomita 240 kutoka Babati ni mbali kupita Singida mjini. "Simenti ya watu ilikuwa ishuke Katesh!" akasema, na ilibidi tumkumbushe kwamba lori lenyewe halipo.

Jioni ile nilipata wazo ambalo bado sijaona sababu ya kuliacha. Tunaambiwa kila mwaka kwamba hisabati ndiyo inayofelisha watoto, na kwamba namba hasi ni ngumu kwa sababu haishikiki. Lakini kwa mtoto wa Mbulu hasi inashikika kabisa. Amezaliwa humo. Asichokijua, kwa kuwa hajakiona hata siku moja, ni kitu kinachokwenda kwa kasi ileile kwa saa nne mfululizo.

Wahenga wa fani hii wenyewe waliianza hasi kutokana na madeni. Mwaka 628 huko India, Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kuzidisha, akaziita namba chanya mali na namba hasi madeni. Yeye na mama yangu wangeelewana kabla chai haijapoa. Wazungu ndio waliohangaika. Mwaka 1758, zaidi ya miaka 1,100 baadaye, Mwingereza Francis Maseres alitoa kitabu kizima cha kulalamikia alama ya kutoa na kutaka namba hasi ziondolewe kwenye aljebra, kwamba zinatia giza jambo lililo wazi. Naamini hakuwahi kukopa sukari. Angepata daftari la Mama Duka wetu, lenye ukurasa wa jina lake na namba zikiteremka, giza lingemtoka siku hiyohiyo.

Na kama madeni hayatoshi, kuna nyumba. Walimu hupenda kufundisha hasi kwa kusema sifuri ni usawa wa ardhi: juu ni chanya, chini ni hasi, na watoto wa mahali pengine hulazimika kuwazia lifti au nyambizi. Baba yangu hacheki anaposikia hivyo, kwa sababu yeye alizaliwa chini ya sifuri. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ndani ya mteremko wa kilima, paa la udongo likalingana na nyasi zilizolizunguka, ili Wamaasai waliokuja kuswaga ng'ombe wapite bila kuona kitu. Kwa hesabu ya baba, shujaa mwenye mkuki aliweza kusimama kwenye chanya 1 akitafuta mifugo, na mifugo ikawa imetulia kwenye hasi 2, ikicheua. Mpwa wangu aliandika mfano huo kwenye zoezi, akapata vema. Sijui kwa nini haumo vitabuni. Nyambizi zimo.

Halafu kuna saa, na hapa Waswahili wote tungestahili cheti. Simu zetu zinasoma kizungu, sisi tunasoma kwa jua, kwa hiyo kila tunapotazama simu tunatoa 6. Simu ikisema 9:00 ni saa tatu. Ikisema 4:00 alfajiri, 4 kutoa 6 ni hasi 2, unaongeza 12, ni saa kumi. Kila mtu mzima wa hapa anaifanya hesabu hiyo gizani, jicho moja likiwa bado limefumba. Mwamshe mpwa wangu wakati huo, atakuambia saa kumi bila kusita. Mwandikie 4 − 6 ubaoni saa mbili asubuhi, atakuambia haiwezekani.

Inapokwama ni pale mtu anaposahau kutoa. Mjomba wangu mmoja, mzee wa heshima zake, alitumiwa tiketi ya basi kwa ujumbe wa simu: Haydom kwenda Arusha, 06:00. Alifika kituoni saa sita kasorobo mchana, ameoga, ana koti, amebeba debe la maharage na anajisifu kwa kuwahi. Alimkuta wakala amelala kwenye benchi. Wakati huo basi lake lilikuwa limeshateremka ukuta wa Bonde la Ufa na huenda abiria walikuwa wakila nyama choma. Mzee alidai arudishiwe nauli kwa hoja kwamba yeye yuko mapema kwa dakika 15. Wakala akasema amechelewa kwa saa 5 na dakika 45. Ukiziweka kwenye mstari wa namba, hizo ni saa 6 kamili za kutoelewana, na walizimaliza karibu zote.

Mafumbo ya vibarua nayo yana mambo. Vibarua 6 hulima shamba siku 8. Je, vibarua 12 watalima siku ngapi? Siku 4, anasema mtoto, na kitabu kinamuunga mkono. Mama yangu alicheka mpaka akaweka ungo chini. Yeye ameita watu shambani tangu akiwa bibi arusi, na anajua kwamba kila mtu unayemwongeza analeta jembe moja na habari tatu. Ukifika watu 12 lazima kuwe na pombe ya mtama, na pombe ikishakuwepo wanafika 20, na hao 8 wa mwisho hawana majembe. Nilimsaidia mtoto kuifuata kanuni mpaka mwisho wake, tuone. Shamba hilo lina siku-mtu 48. Kwa siku ya kazi ya saa 8, watu 2,880 wangelimaliza kwa dakika 8. Kwetu, dakika 8 hazitoshi hata watu wawili kuulizana habari za mifugo.

Upande wa Hanang kuna mafumbo ya aina hii ambayo yalifanywa kwa kweli, na hayo hayachekeshi sana. Kuanzia miaka ya 1970, serikali na wafadhili wa Kanada walipiga hesabu kwenye uwanda wa Basotu: ekari ngapi, matrekta mangapi, ngano kiasi gani. Mashamba makubwa ya ngano yalifika karibu ekari 100,000, na kwenye karatasi kila kitu kilikwenda kwa kasi iliyotakiwa. Ekari hizo zilikuwa malisho ya Wabarbaig, na makaburi ya wazee wao yalikuwamo. Kwenye fumbo hilo hasi ilikuwepo tangu mwanzo, ila hakuna aliyeiandika. Ilibidi wenyewe waipeleke mahakamani.

Labda ndiyo maana wazee wa Kibarbaig hawapigiwi hesabu na mtu. Nenda mnadani Katesh uone. Mchuuzi kutoka mjini alitaka mbuzi 7, bei ikatua kwenye 85,000 kila mmoja, akatoa simu apige hesabu, simu ikazima. Mzee, shuka begani, mkono juu ya fimbo, alishasema 595,000 kabla kioo hakijawa cheusi. Mchuuzi hakuamini, akaazima simu ya mtu. 595,000. Akasema basi kuna ushuru, kuna kamba, kuna nauli ya mbuzi, apunguziwe 40,000. Mzee akamjibu kwamba mbuzi mmoja ana mimba, kwa hiyo ni 7 na nusu, na kama tunaanza kutoa na kuongeza vitu visivyoonekana yeye ana vingi zaidi. Walimalizana kwenye 595,000.

Mpwa wangu alikuwepo, na njiani aliniuliza kama yule mzee alisoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia aulize mbuzi. Dada yake yuko kidato cha kwanza, na huko hesabu zote ni kwa Kiingereza. Lori lilelile, kasi ileile, ila sasa limebadili lugha, na binti aliyekuwa analifikia saa sita mchana sasa halioni kabisa. Hilo ni fumbo la wizara, silitatui mimi.

Kama kuna mahali hasi na kasi vinakutana kikamilifu, ni kwenye mikopo ya simu. Unatuma pesa, salio halitoshi, simu inakusogezea kidogo kwa upole mkubwa, na tangu hapo uko chini ya sifuri, na kila siku unashuka kwa kiasi fulani bila kusimama Dareda. Kitu pekee tulicho nacho wilaya nzima chenye mwendokasi wa kitabuni ni deni. Halinywi chai, halingoji mvua, halina msiba. Jirani yetu dereva alitumiwa 20,000 na mwanawe aliyeko Babati. Simu ikalia, akavaa viatu, akafika kwa wakala, akaambiwa ana 4,350. Alitaka kujua zilizobaki ziko wapi. Mpwa wangu alimweleza vizuri sana, kwa kalamu: ulikuwa hasi 15,650, jumlisha 20,000. Akaongeza kwamba shuleni wanafundishwa MAGAZIJUTO, yaani mabano kwanza, halafu gawanya, zidisha, jumlisha, na toa ndiyo ya mwisho; lakini simu inaanza na TO. Dereva alimshukuru na kuvua viatu.

Kilichokuwa kimebaki kumshinda mtoto ni hasi mara hasi. Darasani waliimba kwamba hasi mara hasi ni chanya, wakapiga makofi, na hakuna aliyeamini. Yeye hoja yake ilikuwa moja: ukizidisha madeni unapataje utajiri? Nilimtazama Brahmagupta machoni, kwa namna ya kusema, na sikupata mfano wa kumtosha. Bibi yake naye alikaa kimya, na hiyo ni nadra.

Mfano uliletwa na panya. Mama Duka huweka daftari la madeni chini ya mizani, karibu na gunia la unga, na usiku mmoja panya alishiba unga akatafuta kitu kikavu. Alikula kona ya ukurasa. Kwenye kona hiyo kulikuwa na madeni 3, kila moja la shilingi 5,000. Majina yalibaki, namba zikaondoka. Au ni kinyume chake; Mama Duka alitaja matoleo yote mawili kutegemea nani amesimama mbele yake.

Habari zilifika nyumbani kabla ya jua kuchomoza vizuri. Mpwa wangu aliacha uji. Panya ameondoa, alisema, na kuondoa ni hasi. Ameondoa mara 3, hiyo ni hasi 3. Alichoondoa ni deni la 5,000, hiyo ni hasi 5,000. Hasi 3 mara hasi 5,000... Akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja. Watu watatu wa mtaa huu wameamka matajiri kwa 15,000, na hawajauza hata yai.

"Na Mama Duka?" mama yangu akauliza.

Hapo mtoto alifikiri muda mrefu zaidi. Kwa Mama Duka madeni yale yalikuwa mali, alisema mwishowe. Kwake ni hasi 3 mara chanya 5,000. Panya ni yuleyule, ila kwake jibu ni hasi 15,000. Mama akamwongezea uji.

Ikaja kujulikana kwamba mmoja wa wale watatu ni mwalimu mwenyewe. Nasikia alifundisha mada hiyo kesho yake kwa furaha isiyo ya kawaida, na kwamba darasa zima lilielewa.

Mama Duka alijaribu kukumbuka. Alikwenda kwa wa kwanza akasema 7,000, kwa wa pili akasema 6,500, na kwa mwalimu, kwa heshima ya elimu, akasema 8,000. Wote walikana kwa utulivu wa watu wasio na ushahidi dhidi yao. Basi akatafuta njia nyingine: akapandisha sukari kwa shilingi 100 kila kilo, mtaa mzima, mpaka hasara irudi. Paka akanunuliwa pia, na gharama yake ikaingizwa kwenye chumvi.

Nilikuwepo dukani mpwa wangu alipotumwa sukari na kuambiwa bei mpya. Hakulalamika. Alisimama, akatembeza macho darini kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nusu au kilo?"

"Kilo. Shangazi, 15,000 gawanya kwa 100 ni 150. Ukishauza kilo 150 utarudisha bei ya zamani?"

"Nitarudisha."

"Kwa siku unauza kilo ngapi, ili nijue ni lini?"

Mama Duka alipima sukari, akaongeza punje, akapunguza punje, akafunga mfuko.

"Inategemea," akasema. "Bibi yako ana wageni wangapi wiki hii?"